Kwanini mbawakawa wa kule juu Mahale hawaruki? Wajuzi naombeni mnieleweshe

Mpagazi wa Ziwani

Habarini za jioni wakuu. Mimi nipo ukanda wa ziwa huku Uvinza kusini, kazi zangu za kubangaiza tu, uvuvi kidogo na wakija wageni wa kupanda Nkungwe, kile kilele kirefu cha milima ya Mahale, huwa nabeba mizigo. Sasa kuna mtafiti mmoja tulipanda naye, mzee wa makamo mgeni, pamoja na mwanafunzi wake dada wa Kibongo, na kazi yao hao watu ilinishangaza maana sokwe walipita karibu kabisa wanapiga makelele, wao hata kichwa hawakunyanyua, shida yao ilikuwa majani makavu. Sitanii. Wanapiga magoti wanakusanya majani yaliyooza na vijiti na udongo wa juu juu, wanachekecha mpaka inabaki takataka laini, halafu hizo takataka ndo zinafungwa kwenye mifuko tunabebeshwa sisi. Kambini wanazitundika ndani ya mifuko ya kitambaa, chini yake kuna kichupa cha spiriti, ukiamka asubuhi kichupa kina vidudu vyeusi na vya kahawia kibao, vingi havifiki hata punje ya mtama.

Yule dada akaniambia wengi wa hao ni mbawakawa, na sehemu kubwa hawana mbawa za kurukia kabisa, na ukienda mlima mwingine wenye msitu kama ule utakuta wengine tofauti. Nikamuuliza inakuwaje, akaanza kueleza mvua ikashuka tukakimbilia mahemani, kesho yake safari ya kushuka ikaanza na nafasi sikuipata tena.

Sasa naomba kujuzwa, mdudu aliyezaliwa kwenye ukoo wa warukaji anaachaje kuruka? Na ule msitu wa juu ukiutazama kutoka ziwani ni kakipande tu kwenye mgongo wa mlima, iweje uwe na wadudu wake peke yake wakati huku chini miombo imetandaa mpaka Tabora na mbele? Halafu kuna la kijijini, wazee wanasema yule mgeni alikuwa anapima madini, nataka nikiwajibu niwajibu kwa hoja sio kelele. Nawasilisha.

Mwisho wa Reli

Mkuu umebebeshwa dhahabu ukalipwa hela ya mchicha. Mjerumani aliacha mali zake huku, wajukuu wanarudi na ramani wanajifanya wanapenda wadudu. Nipo pale nimekaa na kahawa yangu ya Ujiji nasubiri majibu.

Mwl Kasulu

Mpagazi umeuliza swali ambalo hata darasani watoto hawaulizi, ngoja nishushe ninachojua japo kuandika kwa simu ni tabu.

Mbawakawa ana jozi mbili za mbawa. Zile za juu zimekuwa ngumu, ndo hayo magamba ya mgongoni, na zile laini za kurukia zimekunjwa chini yake. Hayo magamba ndo yalimfungulia dunia, maana anaweza kujipenyeza kwenye gome, kwenye ubao uliooza, kwenye mavi, kwenye udongo, na mbawa zake zisichanike. Ongeza na kwamba mtoto wake ni funza mwenye chakula chake na makazi yake, hagombanii riziki na mzazi. Ndo maana wamezaana aina mpaka wanasayansi wamechoka, waliopewa majina ya kisayansi wanakaribia spishi 400,000, yaani chukua wanyama wote wenye jina duniani, samaki, ndege, tembo, konokono, kila wanne mmoja ni mbawakawa.

Sasa kuruka. Watu wanadhani kuruka ni zawadi ya bure. Misuli ya kurukia inakula chakula kingi sana na lazima ijengwe mdudu akiwa bado mchanga. Anayehitaji hiyo gharama ni yule ambaye mahali pake hapadumu, mfano anayekula kinyesi, leo kipo hapa kesho kimekauka, au anayeishi kwenye kidimbwi cha masika, lazima ahame. Lakini yule wa kwenye majani yaliyooza kule juu anahamia wapi? Chini ya miti ile kuna unyevu mwaka mzima, ukungu unapanda, magogo yamevaa kuvumwani, chakula kipo pale pale, mwenza yupo pale pale, na hali hiyo imekuwepo kwa vizazi visivyohesabika. Jike likizaliwa na mbawa fupi halipati hasara yoyote, tena kile chakula ambacho kingejenga misuli kinaenda kwenye mayai. Basi kidogo kidogo wenye mbawa fupi wanawazidi wenzao kwa watoto, misuli inapotea, mbawa laini zinabaki vishina, na kwa wengi yale magamba mawili yanagandana katikati yanakuwa ngao moja. Hapo hata umshtue vipi hafungui, atakimbia kwa miguu au atajikunja ajifanye maiti.

Na hapo ndo jibu la swali lako la pili linapoanzia, kwasababu asiyeruka hatoki. Ziwa Tanganyika lipo mita 773 toka usawa wa bahari na Nkungwe ni mita 2,462, tofauti karibu mita 1,690. Joto linashuka kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, kwahiyo kileleni ni kama nyuzi 10 chini ya pale unapofungia mtumbwi, nadhani ulilala na sweta. Mdudu wa ukubwa wa mtama aliyezoea baridi na unyevu ule ukimshusha kwenye miombo ya kiangazi anakauka, na kama hajakauka moto wa nyika unamkuta mwezi wa saba wa nane. Kwake yeye hiyo miombo uliyoitaja kuwa imetandaa mpaka Tabora ndo kizuizi chenyewe.

Kuna mwanabaiolojia Mmarekani anaitwa Dan Janzen aliliandika hili 1967, kwamba mlima wa nchi za joto ni mrefu zaidi kwa kiumbe kuliko mlima wa urefu ule ule kule kwenye theluji. Mdudu wa Ulaya anaona baridi kali na joto kali hapo hapo alipo ndani ya mwaka mmoja, kwahiyo kushuka bondeni hakumtishi. Wa kwetu joto lake halibadiliki sana Januari mpaka Desemba, amezoea ukanda mwembamba, ukimtoa hapo tu ameisha.

Nyuki wa Sikonge

Mwalimu heshima yako, maelezo yamenyooka, ila mimi naona kuna kupaisha milima hapa. Mimi narina asali kwenye misitu ya huku Tabora toka nikiwa na marehemu babu, na mvua za kwanza zikianguka Novemba washa taa nje uone, mbawakawa wanakuja mpaka unafunika chakula. Wenye pembe, wa kijani wanaong'aa, wale wa sharubu ndefu kuliko mwili, wale wa kusukuma mavi ndo usiseme. Sasa unaniambia kakipande ka msitu wa baridi kana utajiri kuliko miombo yote hii? Watafiti wanapenda milima kwasababu kuna upepo mzuri.

Halafu tukizungumzia mbawakawa Tabora tuna historia yetu, bahati mbaya mbaya. Dumuzi, yule wa kutoboa mahindi mpaka gunia linabaki unga, wengine wanamwita skania, huyo asili yake Amerika ya Kati na Afrika alionekana kwanza huku kwetu mwanzoni mwa miaka ya 80. Wazee wakisimulia ile hali unaweza kulia, ghala limejaa mwezi wa sita ikifika Desemba unachota vumbi.

Dada wa Vichupa

Salaam kwenu. Mimi sio yule dada wa safari ya Mpagazi ila kazi yangu ni hiyo hiyo, nimeshapiga magoti kwenye majani sana tu milima ya Morogoro, kwahiyo ngoja niingie.

Kaka wa Sikonge yuko sawa kwenye hesabu ya hapo alipo. Ukihesabu spishi sehemu moja, mara nyingi mteremko wa kati ndo unaongoza au hata chini kabisa, ukizidi kupanda idadi inapungua, kileleni wanabaki wachache. Hakuna anayebisha kwamba miombo ina mbawakawa wengi. Lakini fanya hivi, orodhesha wa Sikonge, kisha nenda Urambo, nenda Inyonga, nenda mpaka Uvinza, orodha zako zitafanana sehemu kubwa maana wale wa kwenye taa ni warukaji, wanasambaa. Sasa fanya hivyo milimani. Orodhesha wa kwenye majani ya Uluguru, kisha nenda Usambara, kisha Udzungwa. Kila ukifika unaanza ukurasa mpya. Msitu mmoja mmoja hauonekani tajiri, ila ukijumlisha misitu yote hesabu inalipuka kwasababu karibu hakuna anayejirudia. Na sehemu ya wale wasiopatikana kwingine inazidi kukua kadri unavyopanda, hata kama idadi yenyewe inapungua.

Mfano hai ni fukusi, wale mbawakawa wenye mdomo mrefu. 2017 ilitangazwa jenasi mpya kabisa, yaani kundi zima la spishi ndugu, ya fukusi wasioruka kutoka kwenye misitu ya Tao la Mashariki, ndo safu hiyo hiyo ya Uluguru, Usambara na Udzungwa, wakaiita Lupangus. Ni wadudu wanaokaa kwenye majani yaliyooza ya milima yetu, watu wamepita juu yao miaka yote na ndoo za maji kichwani. Na sio kwamba milima ile haijawahi kutafutwa, Wabelgiji wawili, Basilewsky na Leleup, walizunguka Afrika Mashariki 1957 kwa ajili ya wadudu, na Basilewsky huyo alikuwa bingwa wa mbawakawa wawindaji wa ardhini. Pale Amani, Usambara, Wajerumani walikuwa na kituo cha utafiti toka 1902. Bado vitu vipya vinatoka, tena vingine vinatofautishwa kwa DNA maana kwa macho ni vidudu vya kahawia vinavyofanana.

Kwa Mahale kuna jambo jingine tamu. Mpagazi siku isiyo na ukungu si unaiona milima ya Kongo ng'ambo? Huko kuna Kabobo, nako juu kuna msitu wa baridi. Ndege anavuka. Mdudu asiye na mbawa atavukaje ziwa lenye kina cha mita 1,470, tena ziwa lililokuwepo mamilioni ya miaka? Mnaona milima hiyo kila siku mkiwa kwenye mitumbwi mnadhani ni majirani, kwa mdudu wa majani makavu hiyo ni dunia nyingine.

Mwisho wa Reli

Sawa dada, fukusi wana jenasi na majina, mimi nauliza hela iko wapi. Nasikia Japani mbawakawa mwenye mapembe anauzwa bei ya pikipiki. Kama kule juu wapo wasiopatikana popote duniani si ndo mali adimu hiyo, vijana wa Kigoma tunahangaika na migebuka wakati kuna utajiri unatembea kwa miguu na hauruki hata ukiukimbiza.

Dada wa Vichupa

Kaka yangu, Wajapani wanafuga mbawakawa wakubwa wenye mapembe, ni kweli, ila hawa wa kwako wanahitaji hadubini ili ujue hata kichwa kiko upande gani, nani atanunua? Na Mahale ni hifadhi ya taifa toka 1985, ukikamatwa unatoa kiumbe chochote bila kibali, hata kama ni funza, una kesi. Kusafirisha wanyamapori hai nje serikali ilisimamisha 2016, na tamko lile liliwagusa mpaka wale akinamama na vijana wa Amani kule Usambara waliokuwa wanafuga vipepeo na kuuza nje, watu waliokuwa na biashara halali kabisa. Kwahiyo usimpe mtu presha ya hela isiyokuwepo.

Na hao watafiti halali hawapandi kiholela. Kuna kibali cha COSTECH, ile tume ya sayansi na teknolojia, kuna TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na ndani ya hifadhi kuna TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na wapo watu wa hifadhi wanaojua nini kimebebwa. Hilo ndo la kwanza la kuwaambia wazee.

La pili waambie jinsi ule mfuko unavyofanya kazi maana hauna siri yoyote. Takataka zikitundikwa zinaanza kukauka kutoka pembeni, vidudu vinakimbilia kwenye unyevu, vinashuka chini, vinadondoka kwenye spiriti. Hakuna betri wala kemikali. Kwanini wasitumie taa kama ya kaka wa Sikonge? Kwasababu asiyeruka haji kwenye taa. Utawasha taa kileleni mwezi mzima, wale unaowatafuta wapo chini ya kiatu chako wanakula kuvu. Na mtu wa madini anachimba, hao wageni wako Mpagazi walikwaruza juu tu, au sio?

Mpagazi wa Ziwani

Ni kweli dada, walikuwa wanakwangua juu juu tu na wakimaliza wanarudisha yale majani makubwa pale pale. Hiyo hoja naibeba. Mwalimu na dada mmetisha, nimeelewa kuliko nilivyotegemea. Mzee mmoja wa Kitongwe hapa jirani nimemsomea hii ya mlima kuwa na wadudu wake, kacheka akasema Nkungwe siku zote ina wenyewe, ndo maana zamani watu hawakupanda hovyo.

Ila bado moja. Kati ya wale wa kwenye kichupa kuna walionishangaza, wembamba warefu, magamba yao mafupi yanaishia nusu mgongo, tumbo liko wazi wanalipinda juu. Hao nao ni mbawakawa kweli? Mimi niliona kama nairobi flai asiye na rangi.

Mwl Kasulu

Jicho lako liko vizuri bwana. Nairobi flai mwenyewe ni mbawakawa, wa familia ya Staphylinidae, familia yenye spishi zaidi ya 60,000. Wale uliowaona ni ndugu zake na kwenye majani yaliyooza ya milimani ndo kwao, wengi wanawinda vidudu vidogo zaidi na wengine wanakula kuvu. Hawana ile sumu mnayoiogopa. Sumu ya nairobi flai inatengenezwa na bakteria wanaoishi ndani yake, ndo ile ukimponda shingoni asubuhi una malengelenge, kwahiyo akikutua mpulize aende, na kama umeshamponda osha kwa sabuni haraka kabla hujashika jicho. Wanafunzi wa bweni kila masika nawaimbia wimbo huo huo.

Magamba mafupi yanamsaidia kupinda mwili kwenye upenyo mdogo. Kaacha sehemu ya ngao akapata wepesi, kwenye majani yaliyobanana ni biashara nzuri.

Mama Mawese

Wanangu nimewasoma kimya kimya toka jana. Mimi ni mtu wa michikichi, shamba langu lipo huku Simbo, na nina ugomvi wa muda mrefu na mbawakawa. Kuna yule mkubwa mwenye pembe anaingia kwenye moyo wa mchikichi, na kuna fukusi mwenye mdomo mrefu funza wake anakula shina kwa ndani mpaka mti unalala, wenzetu wa Kongo hao funza wanakaanga wanakula. Sasa nyie mnawasifia. Nauliza kwa heshima, hawa wa juu wakiisha mimi nitapungukiwa nini?

Dada wa Vichupa

Shikamoo mama. Swali lako ni halali na sitakujibu kwa maneno ya semina.

Kwanza nikuambie michikichi yako inazaa kwasababu ya fukusi. Ua dume la mchikichi likifunguka si linatoa harufu flani kali yenye utamu? Nenda asubuhi ukalitikise, vitadondoka vifukusi vidogo sana vya kahawia, vinazaliana kwenye ua dume na havina shida na mti. Ua jike likifunguka linatoa harufu inayofanana, vinadanganyika vinaenda, vinaacha poleni, vinagundua hakuna chakula vinaondoka. Malaysia walipeleka mchikichi wetu wa Afrika wakasahau fukusi wake, miaka na miaka wakawa wanalipa watu kupaka poleni kwa mkono, mpaka 1981 walipochukua fukusi hao Kameruni, Elaeidobius kamerunicus, wakawaachia mashambani. Uzaaji ulipanda na vibarua wa poleni wakaisha kazi. Nchi tajiri ya mawese kuliko sisi inategemea mbawakawa wa Afrika, mama.

Na dumuzi wa kaka yetu wa Tabora vile vile. Aliyetafutwa kumdhibiti ni mbawakawa mwingine kutoka kule kule kwao Amerika ya Kati, Teretrius nigrescens, anayemla dumuzi ghalani na porini, Afrika aliachiwa kwanza Togo 1991. Asingepatikana kama hakuna mtu aliyewahi kukaa chini kuwatenganisha wadudu weusi wanaofanana.

Wale wa juu Mahale hawachavushi shamba lako, sitakudanganya. Kazi yao ni kuvunjavunja majani na magogo, kula kuvu, kulana wenyewe kwa wenyewe, na ile mboji inayonyonya maji ya ukungu na kuyaachia taratibu kwenye mito ya kule ni mikono yao pamoja na minyoo, mchwa na kuvu. Moto ukipanda kutoka kwenye nyasi ukala pembeni mwa msitu wa juu, mti unaweza kurudi baada ya miaka, mbegu inaletwa na ndege. Mbawakawa asiyeruka hakuna wa kumleta, na hakuna mlima wa jirani wenye akiba yake.

Nyuki wa Sikonge

Hapo kwenye moto umenigusa dada maana mizinga yangu nayo inaungua na anayewasha hajulikani, mara wawindaji, mara wachunga ng'ombe, mara wa tumbaku wanasafisha mashamba. Dumuzi sasa usisahau kwamba anaishi porini kwenye miti mikavu pia, sio ghalani tu, sisi tunamkuta kwenye magogo kilomita nyingi toka shamba la mahindi. Ukimaliza ghalani kwa dawa anarudi toka porini. Huyo anaruka vizuri sana, kama mnatafuta mfano wa mdudu asiyejali mipaka.

Ila bado nasema mtu aje kutundika mifuko na huku kwetu, msituishie milimani.

Mwl Kasulu

Wangekuja ndugu yangu wangepata kazi. Hakuna aliyemaliza kuhesabu. 1982 Mmarekani Terry Erwin alitoa hesabu yake ya Panama, alipuliza dawa kwenye miti 19 ya aina moja tu akapata spishi za mbawakawa kama 1,200, akapiga hesabu akasema wadudu na jamaa zao kwenye misitu ya tropiki wanaweza kufika spishi milioni 30. Watu wakabishana miaka. Makadirio ya karibuni, ya 2015, Nigel Stork na wenzake, yanasema mbawakawa peke yao kama milioni 1.5. Chukua hiyo ndogo, bado wenye majina hawafiki hata theluthi.

Mpagazi wa Ziwani

Nimesoma mpaka jibu kwa mama, nashukuru. Sasa ombi la mwisho. Mwalimu wa shule ya msingi hapa kijijini kanisikia naongelea haya mambo, anataka watoto wake wa darasa la sita wafanye kitu cha vitendo, sio hifadhini, kuna kamsitu ka kijiji kwenye korongo la mto, kana majani mengi na unyevu hata kiangazi. Tunaweza kufanya bila vifaa vya kizungu?

Dada wa Vichupa

Mnaweza vizuri tu. Ombeni ruhusa serikali ya kijiji kwanza. Chukueni vikombe vya plastiki, chimbeni kishimo mdomo wa kikombe uwe sawa sawa na ardhi, ukizidi hata kidogo mdudu anazunguka anapita pembeni. Wekeni maji kidogo na tone la sabuni ili wazame, juu egesheni kipande cha bati kwenye mawe mvua isijaze. Wekeni vingine korongoni na vingine kwenye miombo ya juu yake, asubuhi mnakusanya, kila kundi na karatasi yake iliyoandikwa kwa penseli maana wino unayeyuka kwenye spiriti, muandike mahali, tarehe, na mwinuko, simu inasoma mwinuko. Orodha mbili mkizilinganisha watoto watauliza wenyewe.

Kwa kuchekecha, chekeche la mchanga la mafundi linatosha, mnachekechea juu ya shuka jeupe na watoto wanakaa kuzunguka na vijiti, vidudu vikianza kutembea mnaviona. Wasishike kwa mkono, nairobi flai wanapenda sehemu hizo hizo.

Kujua nani haruki, chukua aliyekufa kabla hajakauka, ingiza ncha ya sindano kati ya magamba mawili unyanyue la kulia. Likinyanyuka na chini kuna utando umekunjwa, huyo ni mrukaji. Ukikuta kishina, au gamba limegoma kabisa kwasababu yamegandana, huyo ni wa miguu, mtenge kichupa chake. Wapo wasioruka hata nyikani, wale weusi wagumu wa kwenye vumbi, kwahiyo msishangae mkiwapata pande zote, angalieni kama ni walewale. Na mkimaliza ng'oeni vikombe vyote mfukie mashimo, vikisahaulika vitaendelea kutega mijusi na vyura.